Nakwenda kuposa kwa Wahabeshi, nitakaa nao vipi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, Mwiraqw wa Karatu. Mwanangu wa pili anafanya kazi Addis Ababa na amepata mchumba huko. Baba wa binti ni Mwamhara, mama yake ni Moromo, wote Waorthodoksi. Mwezi wa tisa tunakwenda watu watano kuposa. Mimi ni Mkatoliki, shemeji yangu mmoja ni Mwislamu. Watu wananitisha: eti Wahabeshi wana kiburi, hawajihesabu Waafrika kama sisi, hata saa na mwaka wao uko peke yake. Nitakaa nao vipi siku 10 bila kumwaibisha mwanangu?

Jibu: Marahaba dada yangu, na hongera kwa kupata mkwe. Nimeishi Addis Ababa miaka 14 kwa kazi ya ukalimani, na barua za namna hii hunifikia mara kwa mara. Yako imenifurahisha kuliko nyingine kwa sababu umetaja Karatu. Huko ndiko uliko mtaji wako, nitakueleza mbele kidogo.

Tuanze na hilo neno kiburi. Mwenye kiburi hukusogeza mbali naye. Wakwe zako hawa watakuvuta karibu hadi utafute pa kupumulia: watakubusu mashavu mara tatu, watakukalisha palipo pazuri kuliko wao, na kabla ya saa moja kwisha mtu atakutia tonge mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Fahari wanayo, tena tele, lakini ni fahari ya mwenye nyumba. Anakuonyesha kilicho chake kwa kuwa anataka ukionje. Kuhusu kutojihesabu Waafrika, wapo wachache wanaosema maneno hayo, nami nimeyasikia. Lakini mji unaokwenda ndio ulioketisha marais tarehe 25 Mei 1963 kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Ni hapo Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji aliposimama mwaka 2004 na kuhutubia mkutano wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili, wakalimani tukabaki tunatazamana. Na tangu Februari 2024 sanamu ya Mwalimu Nyerere imesimama kwenye makao makuu ya Umoja huo. Mwambie mwanao awapeleke mkaione.

La saa, ambalo huwatesa wageni wengi, wewe hutalihisi kabisa. Mhabeshi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kama sisi. Asubuhi ofisi zinafunguliwa *hulet sa'at*, saa mbili. Adhuhuri ni *siddist sa'at*, saa sita. Hata neno *sa'at* ni ndugu wa saa yetu. Mgeni wa Ulaya hujumlisha na kutoa kwenye karatasi, na bado hufika karamuni watu wameshanawa mikono. Wewe ukiambiwa saa nane mchana, fika saa nane mchana. Tahadhari ni mbili tu. Tiketi ya ndege imeandikwa kwa saa ya kimataifa. Na mwanao anapopanga mambo na wakwe kwa Kiingereza aulize kila mara: ni saa ya Kihabeshi au ya kizungu? Mwethiopia akizungumza Kiingereza mara nyingi hubeba namba ileile ya nyumbani, na hapo watu hupishana kwa saa 6 nzima.

Mwaka ndio utakaokushangaza. Wao wana miezi 12 ya siku 30 kila mmoja, kisha kamwezi kadogo kanakoitwa Pagume, chenye siku 5, au 6 kila baada ya miaka minne. Hesabu yao iko nyuma ya yetu kwa miaka 7 au 8, kwa kuwa kanisa lao lilishika hesabu ya zamani ya mwaka aliozaliwa Yesu. Tarehe 11 Septemba 2025 wao walikuwa wanaingia mwaka 2018. Mwaka 2000 waliusherehekea Septemba 2007, mji mzima ukakesha. Utasikia watu wazima wakikuambia huku wanacheka kwamba ukivuka mpaka unapungua umri miaka saba. Furahi nao, halafu waambie umri wako kwa hesabu yao. Watapiga makofi.

Kama mtafika kabla ya tarehe 11 mtaukuta mwaka mpya wenyewe, Enkutatash. Mvua kubwa zinakuwa zinaisha na vilima vyote vimetapakaa maua ya njano yaitwayo *adey abeba*. Wasichana wadogo watakuja mlangoni na vishada vya maua, wakiimba. Weka noti ndogondogo tayari. Na chukua sweta, maana Addis iko juu kuliko Karatu na jioni za Septemba zina baridi.

Sasa salamu. Wewe kama mama mtu mzima utasalimiwa *tena yistilign*, maana yake Mungu akupe afya. Nawe uwaamkie wakwe zako hivyohivyo. Toa mkono wa kulia, wa kushoto ushike kigasha cha ule wa kulia. Hiyo ndiyo shikamoo ya mikono. Mkubwa akiingia, inuka. Salamu yenyewe ni ndefu: habari ya afya, ya watoto, ya nyumba, ya kazi, na kila jibu lina shukrani kwa Mungu ndani yake. Usikate njiani. Vijana wa kiume utawaona wanagongana bega kwa bega, hawagombani, wanasalimiana.

Kuna jambo dogo ambalo halimo katika vitabu vingi. Utakuwa unazungumza, na mama wa binti ghafla atavuta pumzi kwa nguvu, *hah!*, kama mtu aliyeona nyoka. Usigeuke kutazama nyuma. Anasema ndiyo, nimekusikia, endelea. Ukimwita kwa mbali ataitika *abet*, na sikio lako la Kiswahili litasikia *abee*.

Majina. Wahabeshi hawana jina la ukoo. Mtu ana jina lake, kisha jina la baba yake, basi. Yule mwanariadha Haile Gebrselassie ni Haile. Ukimwita Bwana Gebrselassie umemwita baba yake. Kwa hiyo baba wa binti ni *Ato* na jina lake la kwanza, mama ni *Weyzero* na jina lake la kwanza. Na mkwe wako hatabadili jina akiolewa. Mwambie mapema mjomba mwenye kupenda kuuliza, ili asiulize mezani.

Posa yenyewe utaielewa bila mkalimani, kwa kuwa wana washenga. Wanawaita *shimagile*, yaani wazee. Ni watu wa heshima, kwa kawaida watatu au zaidi, na wao ndio husema. Kijana mwenyewe hasemi. Kwa desturi ya Waamhara wa zamani, nasaba huhesabiwa vizazi saba kuhakikisha hakuna undugu. Kwenu na kwao hilo halitakuwa na shida, lakini wanaweza kuuliza mababu kwa majina, kwa hiyo anayewajua vizuri awemo katika watano hao. Jambo jingine: siku ya harusi, bwana na bibi arusi huinama kubusu magoti ya wazazi. Wengi wetu tukiona mtoto anashuka magotini tunamwinua haraka. Usimwinue. Mwache abusu, weka mkono kichwani pake, mbariki kwa lugha yoyote uliyo nayo.

Mezani ndipo utakapowajua. Kwanza mdogo wa nyumba atapita na birika na beseni, mtanawa mlipokaa. Kisha litakuja sinia lililotandikwa injera, mkate mpana, laini, wenye vitundu upande wa juu na uchachu kidogo, unaopikwa kwa *tefu*, nafaka ndogo mno. Unga hulazwa siku mbili tatu uchachuke ndipo hupikwa. Mboga na michuzi humwagwa juu yake na wote mnakula hapo kwa mkono wa kulia, kila mtu upande wake. Kuku wa siku kuu, *doro wat*, mtazame kwa adabu kabla hujamgusa. Vitunguu vyake vimekaangwa polepole bila mafuta kwa muda mrefu, na kuku kwa desturi hukatwa vipande 12, si 11 wala 13. Mama wa binti ameamka alfajiri kwa ajili yake. Sema *betam tiru*, ni kizuri sana, na umwangalie usoni unaposema.

Kisha itakuja *gursha*. Mwenyeji anakunja tonge kubwa la injera na nyama, anakunyooshea mdomoni. Usilipokee kwa mkono, fungua kinywa. Wenyewe husema tonge moja hugombanisha, kwa hiyo la pili linafuata, na la tatu mara nyingi. Nawe mrudishie. Ukimlisha mama mkwe mwenzako tonge moja zuri, umeshaongea Kiamhara kuliko miaka yangu ya kwanza mitatu yote. Na ukipita mahali watu wanakula, hata usiowajua, watakuambia *enebla*, tule. Ndiyo karibu yetu.

Ila wao wakija kwako, hotelini au Karatu siku moja, wakaribishe mara tatu. Mhabeshi aliyelelewa vizuri hukataa mara ya kwanza hata akiwa na njaa. Wana neno lake, *yilugnta*, ile aibu ya kuwaza watu watasemaje. Anayekubali mara ya kwanza huonekana ana pupa.

Kuhusu nyama, nisikilize vizuri kwa ajili ya shemeji yako. Ethiopia Wakristo na Waislamu wanaishi mlango kwa mlango, wanazikana, wanaalikana harusini, lakini kwa desturi kila upande hula nyama iliyochinjwa na wa upande wake. Halihesabiwi tusi. Mwanao akiwataarifu wakwe mapema, watamwandalia shemeji sehemu yake kwa heshima zote. Na Mwislamu ana jina kubwa katika nchi hiyo: masahaba wa Mtume walikimbilia Uhabeshi kwa Mfalme Najashi wakapewa hifadhi, na Bilal, mwadhini wa kwanza, alikuwa Mhabeshi. Shemeji alitaje hilo atakapopewa nafasi ya kusema.

Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi wanafunga: hakuna nyama, maziwa, siagi wala mayai. Siku hizo ndizo nzuri kwenu nyote, mnakula sinia moja la *beyaynetu*, dengu, kunde, kabichi, viazi, na *shiro*, rojo zito la unga wa dengu lenye viungo. Nyama mbichi nayo ni fahari yao, hasa *kitfo*, nyama ya kusaga kwa kisu na siagi yenye viungo. Kama tumbo lako halina mazoea, sema *lebleb*, ipashwe moto kidogo, au *yebesele*, iive. Hakuna atakayekasirika.

Kahawa sasa. Hapa usiwe na haraka, wala usipange miadi baada yake.

Nikueleze nilivyoiona kwa jirani yangu wa chini, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Anatandaza majani mabichi sakafuni, chumba kinanukia kama shamba baada ya mvua. Anaketi kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa. Anaosha buni mbichi kwenye kikaango, anamwaga maji, anaanza kukaanga huku anatikisa. Rangi inageuka kutoka kijani kwenda hudhurungi, kisha buni zinaanza kualika. Zikianza kung'aa kwa mafuta yake zenyewe anainuka, anapitisha kikaango mbele ya kila mgeni, na kila mgeni anavuta moshi kwa kiganja kuelekea puani. Usikose kufanya hivyo. Kisha kinu, mchi, na *jebena*, mtungi mweusi wa udongo wenye shingo ndefu. Ubani unafuka pembeni, bisi zinapitishwa. Anamimina kutoka juu, kijito chembamba, vikombe vyote kwenye sinia vikijaa bila tone kuanguka nje. Vikombe havina mkono, vidogo, kama vya kahawa chungu ya pwani.

Kikombe cha kwanza kinaitwa *abol*. Kinaongezwa maji mtungini, kinachemshwa tena, ndicho cha pili, *tona*. Kinaongezwa tena, ndicho cha tatu, *bereka*. Hilo halihitaji kutafsiriwa: ni baraka. Niliwahi kwenda kwa jirani huyo na kijana mmoja wa Morogoro aliyekuwa mgeni mjini. Alimaliza kikombe cha kwanza, akashukuru vizuri, akasimama aende. Mama yule alibaki ameshika jebena hewani, akamtazama kama mtu anayetoka kanisani katikati ya sala. Akaniuliza kwa Kiamhara: nimemkosea nini? Kijana akaketi, akanywa vyote vitatu, na habari alizozisikia kati ya cha pili na cha tatu zilimsaidia mwaka mzima. Ndivyo ilivyo. Cha kwanza ni kwa ajili ya kahawa, cha pili watu wanaanza kusema, cha tatu wanasema walichotaka kusema. Ukiwa na jambo zito la posa, lingoje hapo.

Na wana haki ya kuionea fahari. Mkahawa wa arabika asili yake ni misitu ya kusini-magharibi ya nchi yao, na karibu nusu ya kahawa wanayovuna wanainywa wenyewe. Nchi chache zinazouza kahawa zinaweza kusema hivyo. Sisi tunaivuna Karatu, Kilimanjaro na Kagera, halafu tunakunywa chai.

Utakapokuwa umezoea, baba wa binti ataanza habari ya Adwa. Itakuja tu. Tarehe 1 Machi 1896, Mfalme Menelik II na mkewe Taytu walilishinda jeshi la Italia kwenye milima ya kaskazini. Taytu mwenyewe alikuwa na askari wake, na huko Mekelle kabla ya Adwa alishauri adui akatiwe maji. Ni yeye pia aliyeupa mji jina Addis Ababa, ua jipya. Sikiliza hadi mwisho. Usimwambie mzee kwamba Waitalia walirudi 1936 hadi 1941. Analijua hilo kuliko wewe, na kwake ile ilikuwa vita ambayo haikuisha mpaka walipotolewa. Atakukumbusha pia kwamba mwaka 1960 Abebe Bikila alikimbia marathoni Roma bila viatu akashinda, na njia ya mbio ilipita karibu na mnara wa Aksum ambao Waitalia waliuchukua na kwenda nao 1937. Mnara ulirudishwa 2005.

Akimaliza, zamu ni yako, na hapa ndipo Karatu inapoingia. Mwenyeji wa namna hii humheshimu zaidi mgeni aliyekuja na cha kwake. Usikae kimya ukitingisha kichwa.

Mwulize: mbio za marathoni Mexico 1968 nani alishinda? Atajibu mara moja, Mamo Wolde. Kisha mwulize nani alikuwa wa mwisho kumaliza. Mwambie ni John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, wa kwenu, aliyeanguka njiani akaumia goti, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo, giza limeshaingia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma akazimalize. Wa kwanza wao, wa mwisho wetu, mbio moja. Nimelisimulia hilo katika nyumba nyingi Addis, na sijaona mzee ambaye hakunyamaza kidogo.

Watawapeleka Makumbusho ya Taifa kumwona Lucy, mifupa ya miaka milioni 3.2 iliyopatikana Hadar mwaka 1974. Wao wanamwita *Dinknesh*, wewe ni wa ajabu. Mwambie mwenyeji wako kwamba Laetoli, upande wa Ngorongoro, si mbali na mlangoni kwako, kuna nyayo za miaka milioni 3.6, na wataalamu wengi wanaamini ni za viumbe wa aina ileile ya Dinknesh. Mifupa iko kwao, nyayo ziko kwenu. Hapo mnaweza kubishana kwa furaha hadi usiku nani alimtembelea nani.

Na la mama wa binti umwachie mwishoni, mkiwa wawili. Kiiraqw chako ni lugha ya Kikushi, na Kioromo chake pia. Ni ndugu wa mbali sana, hamtaelewana. Lakini mwambie mdomo kwenu ni *afa*, umwulize kwao ni nini. Atasema *afaan*. Na lugha yao wenyewe wanaiita *Afaan Oromoo*, mdomo wa Waoromo.

Zawadi: mpelekee kanga, doti nzima, na umsomee jina lake. Ataelewa haraka kuliko unavyofikiri, kwa sababu netela yao, ile shuka nyeupe nyepesi yenye pindo la rangi, nayo husema. Haina maandishi, husema kwa jinsi inavyovaliwa. Pindo likiletwa juu kuzunguka shingo, watu wanajua kuna msiba. Kwa hiyo wakikutunukia netela, mwombe mama wa binti akuvalishe mwenyewe, usije ukatoka nje ukiwa msibani bila kujua.

Chukua pia nusu kilo ya kahawa ya Karatu, iliyokaangwa na kufungwa vizuri. Usiitoe siku ya kwanza. Kunywa yao kwanza, vikombe vyote vitatu, kwa siku kadhaa. Halafu siku moja mwombe mkwe wako binti aipike yenu kwa jebena ya mama yake, ninyi wote mkiwa mmekaa juu ya majani. Wataionja kimya. Watasema ni nzuri, kisha watasema yao ni nzuri zaidi, nawe usikubali haraka. Kikifika kikombe cha tatu, kipokee kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kigasha, na useme *baraka*, hivyohivyo kwa Kiswahili.